Usonji kwa watu wazima: Kumbukumbu zisizo za kweli huzaliwa vipi?

Mtu mzima mwenye usonji anapohojiwa na polisi, na ofisa wa uhamiaji au na daktari, anayemsikiliza hujiuliza kimoyomoyo: je, anachokikumbuka ndicho kilichotokea?

Barking, mashariki mwa London, ni makazi ya watu wengi wenye asili ya Afrika, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki ya Kongo. Kwa baadhi yao, namna swali hilo linavyojibiwa ndiyo huamua iwapo watapewa hifadhi, iwapo watafikishwa mahakamani, au iwapo hatimaye watalijua jina la hali waliyozaliwa nayo.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza suala hili kwa zaidi ya miaka 25. Matokeo yao yanakanusha dhana mbili zilizoenea: kwamba mtu mwenye usonji hukumbuka kama kamera asikosee kamwe, na kwamba kumbukumbu yake haifai kutegemewa.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao nchini Kenya huitwa pia tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo maisha yake yote. Hubadili namna anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikilia utaratibu au jambo analolipenda.

Wapo wenye usonji wasiosema kabisa, na wapo wahandisi, walimu na madereva. Hadi mwaka 2013, wale wenye lugha na akili ya kawaida walikuwa wakipewa jina la Asperger katika mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili. Mwaka huo jina hilo likaunganishwa na usonji.

Ni muhimu msomaji akumbuke jambo moja tangu mwanzo. Karibu tafiti zote zitakazotajwa hapa zilifanywa kwa watu wazima wanaozungumza vizuri na wasio na ulemavu wa akili. Matokeo yake hayawezi kubebeshwa kila mwenye usonji.

Kumbukumbu isiyo ya kweli ni nini?

Mwenye kumbukumbu isiyo ya kweli hasemi uongo. Mwongo anaujua ukweli na kuuficha. Huyu anaamini kwa dhati kwamba jambo lilitokea, ilhali halikutokea au halikutokea hivyo.

Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba kukumbuka ni kujenga upya. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Kila waliporudia, mambo mageni kwao yaliyeyuka na nafasi yake ikachukuliwa na mambo waliyoyazoea.

Bartlett huyohuyo aliandika kuhusu mchungaji wa Kiswazi aliyeweza kutaja, kwa usahihi wa kushangaza, bei na alama za ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla. Alikumbuka alichokijali.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, wengine yalipopondana. Wiki moja baadaye waliulizwa iwapo waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwepo. Wanafunzi 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali walisema waliviona; kwa neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50.

Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell walikwenda mbali zaidi. Waliwasimulia watu wazima 24 visa vya utotoni mwao, kimoja kati yake kikiwa cha kubuni: kwamba waliwahi kupotea katika jengo la maduka. Karibu robo yao walikuja kukikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu.

Majaribio mawili ya mwaka 2000

Kipimo kinachotumiwa zaidi kilibuniwa na James Deese mwaka 1959 na kufufuliwa na Henry Roediger na Kathleen McDermott mwaka 1995. Msomaji anaweza kujijaribu mwenyewe kwa Kiswahili: kitanda, godoro, mto, shuka, ndoto, kusinzia, kukoroma, miayo. Akiulizwa baadaye, huenda akaapa kwamba alilisikia pia neno usingizi. Halimo. Katika majaribio ya mwaka 1995, neno kama hilo lisilotajwa lilikumbukwa kwa kiasi cha karibu nusu ya nafasi zote.

Sababu ni kwamba akili haihifadhi maneno peke yake. Huhifadhi pia kiini cha maana kinachoyaunganisha, na baadaye kiini hicho hudai nafasi yake kana kwamba nacho kilitamkwa.

Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti, kila moja upande wake wa bahari ya Atlantiki, yaliwapa watu wazima wenye usonji kipimo cha aina hii. Nchini Marekani, David Beversdorf na wenzake waliona kwamba wenye usonji walitofautisha vizuri zaidi neno lililosemwa na lisilosemwa kuliko watu wengine. Kumbukumbu zao zilikuwa safi zaidi.

Mjini London, Dermot Bowler na wenzake wa chuo kilichoitwa wakati huo City University walipata jibu tofauti. Watu wazima wenye Asperger walinaswa na mtego wa maneno kwa kiasi kilekile cha wenzao wasio na usonji.

Kwa nini majibu yalitofautiana?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya usonji kuna mielekeo miwili inayovutana.

Wa kwanza ni mwelekeo wa kuona vipande kabla ya umbo zima. Uta Frith, mtaalamu wa London aliyeueleza kwa kina mwaka 1989, alisema watu wenye usonji hushika maelezo madogo madogo na hawavutwi sana na maana ya jumla. Mtu asiyevutwa na kiini hukingwa na mtego wa neno usingizi.

Wa pili unahusu uhusiano kati ya mambo. Kazi za Bowler na mwenzake Sebastian Gaigg zinaonyesha kwamba mtu mwenye usonji anaweza kukumbuka vizuri kitu kimoja kimoja, lakini akapata taabu kukumbuka kitu hicho kilikuwa wapi, lini, pamoja na nini, na nani alikisema. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2000, watu wazima wenye Asperger walisema mara chache zaidi kwamba wanajikumbuka wakiwa pale, na mara nyingi zaidi kwamba wanajua tu jambo lilitokea.

Hapa ndipo kumbukumbu isiyo ya kweli inapoweza kupenya. Mtafiti wa Marekani Marcia Johnson ameonyesha kwamba makosa mengi ya kumbukumbu ni ya chanzo: tunakumbuka jambo, ila tunasahau kama tuliliona, tuliambiwa, tulilisoma au tuliliwaza. Mtu aliyesimuliwa kisa mara 10 na jamaa zake anaweza kufika mahali akakiona kwa macho ya akili kama chake.

Kwa hiyo mwelekeo mmoja hupunguza makosa na mwingine huyaongeza. Jinsi kipimo kilivyotengenezwa, na msaada anaopewa mtu wakati wa kukumbuka, ndivyo huamua upi utashinda.

Kukumbuka na kukubali

Katika chumba cha polisi lazima yatenganishwe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu anaweza kubadilika ndani, akaamini alichoambiwa. Au anaweza kukubali kwa mdomo tu ili mahojiano yaishe, huku akijua moyoni kwamba si kweli.

Gisli Gudjonsson, mzaliwa wa Iceland aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saikayatria mjini London, alitunga kipimo cha jambo la kwanza mwaka 1984, na baadaye akatunga kingine cha jambo la pili. Mwaka 2008, pamoja na Anna North na Ailsa Russell, aliwapima watu wazima wenye usonji. Hawakuwa wepesi zaidi ya wengine kupandikizwa mawazo. Lakini walijieleza kuwa wepesi zaidi kuwatii wengine na kuepuka ugomvi. Utafiti wa Katie Maras na Bowler wa mwaka 2012 haukuona tofauti katika mambo yote mawili.

Maras na Bowler walikuwa wamewajaribu pia kwa habari za uongo zilizopenyezwa baada ya tukio. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba wenye usonji waliathiriwa kama wengine, hawakuzidi wala kupungua.

Gudjonsson na mwenzake James MacKeith waliieleza pia hali ambayo mtu huacha kuiamini kumbukumbu yake mwenyewe. Mfano mkubwa ulitokea Iceland, ambako wanaume wawili walitoweka mwaka 1974. Vijana sita walitiwa hatiani, baadhi yao baada ya kuwekwa peke yao kwa miezi mingi hadi wakaanza kushuku kwamba huenda waliua na kusahau. Mwezi Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya Iceland iliwaachia huru watano kati yao. Kesi hiyo haikuhusu usonji. Ilionyesha kwamba upweke, uchovu na maswali yasiyokoma vinaweza kumyumbisha yeyote.

Lipo pia onyo kuhusu wasiosema. Katika miaka ya 1990 ilienea mbinu ya kumshika mkono mtu mwenye usonji ili aandike kwa mashine. Kwa njia hiyo yalitoka madai mazito ya udhalilishaji dhidi ya wazazi. Majaribio yalipofanywa, ilibainika kwamba maneno yalikuwa ya aliyeshika mkono, na mara nyingi yeye mwenyewe hakujua. Mwaka 1994 Chama cha Saikolojia cha Marekani kilitamka kwamba mbinu hiyo haina msingi wa kisayansi.

Swali katika Kiswahili

Mwaka 1975 Loftus na Guido Zanni waligundua kwamba hata neno dogo kabisa la Kiingereza linalotangulia nomino linaweza kumfanya shahidi aone kitu ambacho hakikuwepo. Kiswahili hakina neno hilo, lakini kina njia yake.

Linganisha maswali haya mawili: "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona taa iliyovunjika?" La kwanza linauliza. La pili, kwa irabu moja tu, limekwisha kuamua kwamba taa iliyovunjika ilikuwepo. Mkalimani anayechagua kitenzi bila kutafakari anaweza kupanda ushahidi bila kukusudia.

Mengine huonekana kama kumbukumbu mbovu, kumbe ni lugha. Shahidi anayesema saa tatu usiku anamaanisha saa ambayo Waingereza huiita tisa. Anayemwita mtoto wa baba mdogo ndugu yake hajadanganya akisema mara moja ana ndugu watano na mara nyingine wawili. Mtu mwenye usonji, ambaye mara nyingi hulijibu swali kama lilivyotamkwa, huenda asitambue kwamba anatarajiwa kufafanua.

Mwombaji hifadhi

Jambo hili huwa zito zaidi katika maombi ya hifadhi. Mara nyingi mwombaji hana hati. Ushahidi wake ni masimulizi yake. Husimulia zaidi ya mara moja, na maofisa hulinganisha maelezo. Yakitofautiana, huweza kuhesabiwa kuwa mwongo.

Mwaka 2002 Jane Herlihy, Peter Scragg na Stuart Turner walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza utafiti kuhusu wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia. Watu hao walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kubaki Uingereza, hivyo hawakuwa na sababu ya kubuni. Walihojiwa mara mbili kuhusu tukio moja la mateso na tukio moja la kawaida. Maelezo ya kila mmoja yalitofautiana mahali fulani, hasa katika mambo ya pembeni. Kwa wale walioathirika zaidi kiakili, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu asiye na usonji, mwenye usonji hubeba mizigo miwili. Tarehe na mfuatano wa matukio, ambavyo ofisa huvipima kwanza, ndivyo hasa vinavyoweza kumtoka. Naye akizungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, bila kumtazama mwulizaji machoni, huonekana anaficha kitu. Kutotazama machoni ni sehemu ya usonji. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu.

Kumbukumbu ya mzazi

Sheria ya usonji ya mwaka 2009 iliitaka serikali itayarishe mkakati kwa ajili ya watu wazima wa England wenye usonji, na mkakati huo, uliotolewa mwaka 2010, ulitaka kila eneo, Barking na Dagenham likiwemo, liwe na njia ya kuwapima. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2012 unashauri kwamba, inapowezekana, mpimaji azungumze na mzazi au jamaa anayemjua mtu huyo tangu utotoni.

Kwa mhamiaji, mama huyo huenda yuko Bukoba au Malindi na anaulizwa kwa simu: mwanao alianza kusema akiwa na miezi mingapi? Alikuwa akicheza na wenzake? Miaka 30 imepita. Hakuna aliyeandika. Mama hujaza mapengo kwa upendo, na pengine kwa haya.

Kumbukumbu za wazazi nazo hufuata upepo wa habari. Mwezi Februari 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozusha hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Tafiti kubwa zilipinga, na mwaka 2010 jarida hilo likaifuta makala hiyo. Lakini mwaka 2002 Nick Andrews na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo la kufundisha. Wazazi Waingereza ambao watoto wao walipimwa baada ya habari hizo kuenea walielekea zaidi kukumbuka kwamba dalili zilianza mara tu baada ya chanjo, kuliko wazazi wa watoto wa aina hiyohiyo waliopimwa kabla. Hawakudanganya. Walikumbuka upya.

Kwa sababu hiyo daktari makini huomba pia vitu visivyosahau: kadi ya kliniki, ripoti za shule, barua na picha. Familia za Afrika Mashariki zinashauriwa kutozitupa karatasi hizo hata mtoto akikua.

Nini husaidia?

Habari njema ni kwamba tatizo kubwa liko katika namna ya kuuliza, na namna ya kuuliza inaweza kubadilishwa.

Polisi wa Uingereza hufundishwa mbinu ya mahojiano inayomtaka shahidi airudishe akili yake mahali pa tukio. Mwaka 2010 Maras na Bowler waligundua kwamba mbinu hiyo, inayowasaidia watu wengi, iliwafanya watu wazima wenye usonji watoe makosa mengi zaidi. Lakini mwaka 2012 walipowahoji katika chumba kilekile walichokuwemo wakati wa tukio, tofauti kati yao na wengine ilitoweka. Kumbukumbu ilikuwepo, ilihitaji kishikio.

Mwaka 2020 Maras na wenzake walitangaza njia nyingine. Shahidi mwenyewe kwanza huligawa tukio katika sehemu, kila sehemu ikaandikwa kwenye kijikaratasi na kubandikwa mbele yake. Kisha husimulia sehemu moja hadi aimalize, ndipo aende nyingine. Wenye usonji na wasio na usonji wote walitoa maelezo mengi na sahihi zaidi.

Kutokana na tafiti hizi, anayemhoji mtu mzima mwenye usonji anaweza kujiwekea kanuni chache. Aulize jambo moja kwa wakati, kwa maneno ya wazi. Asiweke jibu ndani ya swali. Amwambie mapema kwamba "sijui" na "sikumbuki" ni majibu halali. Asirudie swali lililokwisha kujibiwa, kwani mtu anaweza kudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa. Atofautishe "uliona" na "uliambiwa". Na apunguze kelele na mwanga mkali.

Sheria zipo. England, tangu sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya mwaka 1984 na kanuni zake, mshukiwa aliye dhaifu kwa sababu ya hali ya akili anapaswa kuwa na mtu mzima wa kumsaidia wakati wa mahojiano. Sheria ya mwaka 1999 ikaruhusu shahidi wa aina hiyo awe na msaidizi wa mawasiliano mahakamani. Mwenye usonji, au jamaa yake, anaweza kuitaja hali hiyo mara tu anapofika kituoni, kwani mara nyingi haionekani kwa macho.

Nchini Kenya, ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba mahakama, kwa maslahi ya haki, inaweza kumruhusu msaidizi wa aina hiyo amsaidie mlalamikaji au mshtakiwa kuwasiliana nayo. Sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kufungua mlango huo kwa mashahidi walio dhaifu.

Pengo lililobaki ni la utambuzi. Tangu Victor Lotter alipochapisha mwaka 1978 uchunguzi wake kuhusu usonji katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, tafiti nyingi za eneo letu zimehusu watoto. Watoto hao wamekua. Wengi wao hawakupimwa, na siku wakisimama mbele ya hakimu, iwe Mombasa au London, hakuna atakayejua kwamba wanahitaji kuulizwa kwa namna nyingine. Watapimwa kwa sauti yao na kwa macho yao, na ushahidi walio nao, ambao mara nyingi ni wa kweli, hautasikilizwa.